Joto la Mama Funguo

Kibanda cha Mama Funguo kilibanwa kati ya bucha na duka la vifaa vya shule, chembamba kiasi kwamba mteja mnene alilazimika kubaki nje na kuongea kupitia dirisha. Ndani kulikuwa na stuli moja, jiliwa la kubania vyuma lililokazwa kwenye ukingo wa meza, na tupa za kusugulia chuma zilizotundikwa ukutani kuanzia ile nene kama kidole gumba hadi ile nyembamba kama unyasi. Juu ya kichwa cha mwenyewe zilining'inia mamia ya funguo ambazo hazijachongwa. Kila lori lilipopita barabarani, zilicheka.

Mwenyewe alikuwa mfupi, wa miaka hamsini na kitu, mwenye miwani iliyounganishwa kwa waya na mdomo usiochelewa kujibu. Watu walidhani kazi yake inategemea macho. Wapi! Fundi anayefungua kitasa kilichogoma haoni kinachoendelea mle ndani. Anaingiza waya mwembamba, anasukuma vipande vidogo vya shaba kimoja baada ya kingine, na kila kipande kinapokaa mahali pake, vidole vinapata habari: tik. Ni kama mtu kukukonyeza gizani. Mama Funguo alikuwa amekonyezwa hivyo maisha yake yote ya kazi, na hakuwahi kuchoka.

Mumewe aliitwa Refa, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Alichezesha mechi za ligi ya mitaa mpaka goti lilipomsaliti, akastaafu, lakini kipenga hakikustaafu. Kilibaki shingoni. Alikipuliza chakula kilipoiva, bomba lilipoachwa wazi, na mgeni alipokaa kupita kiasi. Mfukoni mwa shati alitembea na kadi zake mbili, ya njano na nyekundu, na alishawahi kumwonyesha mchungaji mmoja ile ya njano kwa kurefusha mahubiri. Watoto wao wawili walipokua walihamia miji mingine, wote wawili, na kila mmoja alidai ni kwa sababu ya kazi.

Basi mwaka mmoja, Mama Funguo akiwa anaoga, akakuta kitu kigumu kama punje ya mahindi kwenye titi la kushoto. Akapimwa. Ikawa saratani. Akafanyiwa upasuaji, akachomwa mionzi, na mwishoni akakaa mbele ya daktari wa saratani, binti mwembamba mwenye sauti ndogo ambaye ungedhani amekuja hapo kumsubiri mama yake. Daktari akampa kidonge kidogo cheupe, cha kumeza kila siku kwa miaka mitano.

"Ni dawa ya homoni, mama," alisema. "Saratani yako ni ya aina inayoishi kwa homoni ya kike. Dawa hii inapunguza homoni hiyo mwilini, ili kama kuna seli zilizo..."

"Asante sana, daktari!" Refa alikuwa ameshasimama na mkono ameunyoosha, kama nahodha baada ya mechi. Kwake yeye, uvimbe ulikuwa umetoka, matokeo yalikuwa yametangazwa, na muda wa nyongeza ulikuwa wa nini? Daktari akabaki na sentensi yake mdomoni. Na sentensi hiyo iliyokatwa ndiyo iliyozaa vituko vyote vilivyofuata.

Baada ya wiki kadhaa joto likaanza.

Lilimkuta kibandani, tupa mkononi. Lilianzia kifuani, likapanda shingoni, likafika usoni kama mtu amemfungulia mlango wa tanuri. Miwani ikafunga ukungu. Alitoa kilemba, akatoa sweta, akawa anaangalia blauzi kwa jicho la hatari, mteja wa dirishani akageuka mwenyewe kutazama barabara. Halafu likapita, likamwacha ameloa na anatetemeka. Jioni likaja tena mezani. Usiku likaja tena, akaurusha mto ukamgonga Refa.

Walipokwenda kuchukua dawa za mwezi, nesi aliyekuwa na foleni ndefu hadi nje aliwaambia kwa haraka, "Usiogope mama, ndivyo dawa inavyofanya kazi. Anayefuata!"

Refa alirudi nyumbani na furaha isiyo na kifani.

"Umesikia? Dawa inafanya kazi! Lile joto ndio moto wenyewe. Zile seli zinaungua humo ndani, mke wangu. Zinaungua kama makaratasi!"

"Nesi hakusema kuungua."

"Atasema yote yeye? Foleni ile hukuiona?"

Tangu siku hiyo, kila joto lilipompanda, Refa aliruka popote alipokuwa, akapuliza kipenga, akanyoosha mkono katikati ya uwanja usiokuwepo. "Baooo!" Alipuliza sebuleni. Alipuliza kwenye msiba wa jirani, wakatolewa nje wote wawili, yeye akipinga na mkewe akijipepea. Dada yake Refa, mwenye saluni mtaa wa nyuma, alikuja kila jioni kuuliza matokeo.

"Leo vipi, kaka?"

"Tumefunga asubuhi, mchana, na sasa hivi kabla hujaingia."

"Wifi, hongera! Endelea hivyo hivyo!"

"Niendelee nini na mimi ndiye uwanja?" alijibu Mama Funguo, uso umemwiva.

Msaada wa kweli ulitoka bucha. Muuza nyama aliitwa Mnofu, ingawa mwenyewe alikuwa mfupa mtupu, mtu mrefu mwenye huruma aliyewapa paka wa mtaa majina. Nyuma ya duka lake alikuwa na chumba cha baridi, kikubwa cha kuingia mtu, chenye mlango wa chuma unaojifunga wenyewe. Kishikio cha ndani kilivunjika zamani. Badala ya kukitengeneza, Mnofu aliuegesha mlango kwa mguu wa ng'ombe uliogandishwa, na kila ulipouzwa aliweka mwingine. Humo ndani alimwekea jirani yake kiti cha plastiki. Joto likija, Mama Funguo aliingia, akaketi kati ya mbavu zinazoning'inia, akavuta pumzi kama mtu aliyefika mbinguni, kisha akarudi kwenye tupa zake.

Joto angelivumilia. Kilichomshinda ni vidole.

Vilianza kukakamaa asubuhi. Kisha na mchana. Vikawa kama miko ya kupikia, vizito, vinauma kila kiungo. Alishindwa kufunga vifungo vya blauzi, Refa akawa anamfunga, akikosea kimoja kila siku na kumwacha bega moja juu. Hilo nalo lingevumilika. Lakini siku moja aliingiza waya kwenye kitasa cha mwalimu mmoja, akasukuma, akasubiri tik. Kimya. Akasukuma tena. Ilikuwa kama kumpigia simu mtu aliyeizuia namba yako. Wiki hiyo hiyo alichonga ufunguo ovyo, na mteja akarudi nao akiwa na aibu kubwa.

"Mama, ufunguo umefungua. Ila umefungua kwa jirani."

"Jirani alikuwepo?"

"Alikuwa anaoga."

Mama Funguo alicheka pamoja naye, akamchongea mwingine, kisha akakaa kwenye stuli bila kucheka. Alijua ni kidonge. Vidole viliharibika tangu kidonge kiingie nyumbani. Na hapo ndipo wazo lilipomjia, wazo lenye sura ya akili kabisa: uvimbe si ulishatolewa? Aliuona kwenye chupa kwa macho yake. Sasa dawa inatibu nini? Unapakaje dawa kwenye jino lililong'olewa?

Akaacha. Ila hakumwambia mtu, kwa sababu Refa alisimamia umezaji kila asubuhi kama fainali. Alikiweka kidonge chini ya ulimi, akanywa maji, akasema "aah," akatembea hadi kibandani mdomo umefumbwa, akakitema kwenye mkebe wa funguo zilizoharibika. Watu waliomsalimia njiani alfajiri hizo walianza kusema Mama Funguo ana maringo.

Haukupita muda mrefu vidole vikaanza kurudi. Kwanza kidole kidogo. Siku moja, akiwa na kufuli kuukuu mkononi, akasikia: tik. Machozi yalimtoka. Akalifungua na kulifunga kufuli lile tena na tena, kama mtoto mwenye kichezeo kipya, mwenye kufuli akisubiri pale nje.

Lakini hakuwa mjinga, na akili yake haikumwachia amani. Akioga, mkono ulikwenda wenyewe kwenye kovu, ukapanda hadi kwapani, ukatafuta punje nyingine. Kiuno kikimuuma kwa sababu ya stuli, alijiuliza kama ni stuli. Akikohoa, aliusikiliza mwangwi wa kikohozi. Hakujua hasa anaogopa nini, kwa kuwa sentensi ile ya daktari haikumalizika. Alijua tu kwamba iliishia kwenye "seli," na kwamba seli hazikuwa zimeaga.

Na kitu kingine kilitokea, ambacho hakukipangia. Joto likakoma.

Refa aliliona mapema. Siku ya kwanza bila bao alisema ni bahati mbaya. Baada ya wiki alikuwa anamzunguka mkewe mezani kipenga kikiwa kimebanwa midomoni, akimchungulia paji la uso.

"Unajisikiaje?"

"Vizuri."

"Hata kajasho?"

"Hata."

"Ee Mungu wangu," alisema Refa, akaketi kwa uzito. "Timu haifungi."

Dada yake akaitwa. Akamshika wifi yake shavu, akamshika kwapa, akatikisa kichwa. "Dawa imezimika. Seli zimezoea. Inabidi kuwasha moto upya, la sivyo zitatembea mwili mzima."

Hilo neno "zitatembea" liliupeleka mkono wa Mama Funguo kwenye kovu. Ilikuwa nafasi yake ya kusema. Alifungua mdomo. Kisha akatazama vidole vyake, akaufumba.

Moto ukawashwa basi. Alinyweshwa maji ya tangawizi makali kiasi cha kufungua masikio. Alifunikwa blanketi tatu akiangalia taarifa ya habari. Alipandishwa na kushushwa ngazi, Refa akimfuata kwa goti lake bovu na kuishia kuomba kubebwa. Mwishowe wifi alimpeleka saluni, akamkalisha chini ya lile kofia kubwa la kukaushia nywele na kuliwasha hadi mwisho. Mama Funguo alitokwa jasho mpaka viatuni.

Refa akapuliza kipenga. "Baooo!"

"Kaka, hilo halihesabiki. Hilo ni la kofia."

"Jasho si jasho?"

"Hilo ni la kuotea!"

Refa akafikiri kwa haki, akashusha mkono, akalifuta bao. Wateja wa saluni wakapiga makofi.

Ni wifi huyo huyo aliyegundua kiti cha plastiki. Alikwenda bucha kununua nusu kilo, akachungulia nyuma, akakiona kati ya mbavu. Akaulizia. Mnofu, ambaye hakujua kudanganya hata paka, akaeleza yote kwa fahari: jinsi alivyomhifadhi jirani yake kwenye baridi kila joto lilipompata. Wifi hakusubiri nyama. Alikimbia.

Refa alifika bucha amevaa sura ya dakika ya mwisho.

"Mnofu! Umemzima mke wangu!"

"Nimemfanya nini, shemeji?"

"Mimi namwasha, wewe unamzima! Miezi yote ile, bao langu moja, friji yako moja! Nionyeshe mahali penyewe!"

Akaingia chumba cha baridi, Mnofu akimfuata nyuma na kisu mkononi, si kwa ubaya, alikisahau tu. Kelele zikasikika. Mama Funguo akatoka kibandani, wifi akafika akihema, na wote wawili wakasimama mlangoni kuona Refa amekinyanyua kile kiti cha plastiki juu kama ushahidi.

"Shemeji, tuliza moyo," Mnofu alisema. "Na tafadhali usiuguse huo mguu."

"Upi? Huu?" Refa akaupiga teke. Ulikuwa mguu wa ng'ombe uliogandishwa, kwa hiyo aliumia kwanza yeye. Kisha mguu ukateleza, ukazunguka kwenye sakafu, na mlango wa chuma ukajifunga polepole kwa heshima zote. Kachaa!

Kisha kwa mbali sana, kutoka ndani ya chuma, sauti ya kipenga.

"Funguo ziko wapi?" wifi alipiga kelele.

"Mfukoni mwangu!" Mnofu alijibu kutoka ndani.

"Zipitishe chini ya mlango!"

"Hakuna chini, dada! Huu mlango haupitishi hata harufu!"

"Zima basi hiyo baridi!"

"Swichi iko humu!"

"Nani aliweka swichi ndani?"

"Fundi! Na mimi nilimuuliza hivyo hivyo!"

Kipenga kikalia tena, kifupi, chenye kutetemeka. Wifi alianza kulia na kumwita kaka yake kwa jina lake la utotoni, ambalo wapita njia walilifurahia sana. Mama Funguo alirudi kibandani, akachukua nyaya zake mbili, akapiga magoti mbele ya mlango. Hakufikiria kidonge, hakufikiria siri. Alifumba macho. Waya ukaingia. Tik. Tik. Kipande cha tatu kilikuwa kikaidi, akakibembeleza kwa ncha ya kidole kama anavyobembelezwa mtoto ale. Tik. Tik. Akazungusha, na mlango ukafunguka kabla wifi hajamaliza kuorodhesha wa kupigiwa simu.

Mnofu alitoka akiwa wa bluu, akibusu hewa. Watu wakashangilia. Refa alitoka nyuma yake, amekumbatia kiti, kipenga kimegandia kwenye mdomo wa chini. Hakushangilia. Alisimama akimtazama mkewe aliyekuwa bado amepiga magoti, nyaya zikiwa zimelala kati ya vidole vilivyonyooka na kutulia.

Refa alikuwa na mapungufu mengi, lakini madhambi aliyaona hata yakifanyika nyuma yake.

"Asubuhi," alisema, akibandua kipenga taratibu, "ulisema huwezi kufunga vifungo. Nimekufunga mimi. Vyote."

Mama Funguo akatazama kifua chake. Bega moja lilikuwa juu.

"Ulikuwa unajiangusha bila kuguswa," Refa alisema. "Ndani ya nyumba yako mwenyewe." Mkono ukaenda mfukoni, ukatoa kadi ya njano, lakini haikuinuka. Ilibaki kiunoni. "Vidole vimepona. Joto limekwisha. Tangu lini hunywi?"

Angeweza kumdanganya. Alizikumbuka funguo zake zinazoning'inia kule kibandani, akachoka.

"Mwezi na kitu. Nilitaka vidole vyangu, baba. Bila vidole mimi ni mwanamke aliyekaa chini ya vyuma."

Refa akakiweka chini kile kiti cha plastiki, akaketi juu yake katikati ya bucha. "Na mimi bila wewe," alisema, "nitampulizia nani?"

Wifi, badala ya kutoa ushauri, akavua kanga ya begani na kumfunika kaka yake.

Kesho yake walikuwa kwa daktari. Mlangoni Mama Funguo alimvua mumewe kipenga na kukiweka kwenye mkoba wake. "Leo anamaliza sentensi," alisema.

Daktari alisikiliza yote, pamoja na habari za kofia la saluni, akijiuma midomo ili asicheke. Alimpima titi, kovu, makwapa. Akaagiza damu na picha. Majibu yalipotoka siku zilizofuata aliwaita tena, akawaambia haoni kitu kibaya. Refa akainuka na mkono wake.

"Kaa, baba," daktari alisema kwa sauti ile ile ndogo, na Refa akakaa. "Kutoona si sawa na kutokuwepo. Uvimbe tuliutoa. Lakini kabla hatujautoa, huenda seli chache zilishatoroka kwa njia ya damu. Zinaweza kuwa zimejificha kwenye mfupa, kwenye ini, kwenye mapafu. Ni ndogo mno, hakuna mashine ya kuziona. Zinaweza kulala miaka. Dawa ya homoni ipo kwa ajili ya hizo, zisiamke na kuanza kuzaana huko zilikokwenda. Haimalizi hatari yote, ila inaipunguza sana."

"Na moto je?" Refa aliuliza kwa unyonge. "Zinaungua?"

"Hakuna moto, baba. Homoni ikipungua, sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inachanganyikiwa. Inadhani mama ana joto kumbe hana. Wengine linawapata, wengine haliwapati kabisa, na dawa inafanya kazi vile vile."

"Kwa hiyo mabao yangu..."

"Hayahesabiki."

"Yote?"

"Yote, baba. Pole."

Mama Funguo hakuwa anawasikiliza. "Zinaamshwaje?" aliuliza. "Hizo zilizolala."

Daktari akamtazama mikono, akakumbuka kazi ya mgonjwa wake. "Chukulia kila seli ina kitasa. Homoni ndiyo ufunguo. Ufunguo ukiingia na kuzunguka, seli inapokea amri: kua, gawanyika. Ukiwa umefika umri wako ovari zimeshastaafu, lakini mwili bado una vibanda vidogo, kwenye mafuta hasa, vinavyoendelea kuchonga funguo. Kidonge chako kinafunga vibanda hivyo."



"Subiri kwanza," Mama Funguo alisema. "Miezi yote hii nameza dawa ya kufunga kibanda cha fundi wa funguo?"

"Kwa namna hiyo, ndiyo."

"Ndiyo maana vidole viligoma! Vilijua!"

Hapo daktari alishindwa, akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaeleza kwamba viungo navyo hukosa ile homoni vikakakamaa, kwamba wanawake wengi huacha dawa kimya kimya kwa sababu hiyo hiyo, na kwamba kosa si maumivu bali ni ukimya. "Vidole vikiuma, niambie mama. Ipo njia zaidi ya moja. Kuna kidonge kingine. Hicho kinaviacha vibanda vichonge vinavyotaka. Chenyewe kinakwenda kuingia kwenye kitasa cha seli na kukaa humo. Ufunguo ukija, unakuta tundu limeziba."

Mama Funguo akakunja uso. "Kama ufunguo uliovunjikia ndani."

"Kabisa."

"Daktari, hiyo ndiyo kazi yangu kuitoa! Nimeshinda magotini maisha yangu yote natoa vipande vya namna hiyo!"

"Hiki nakuomba uniachie."

Alikaa akikifikiria kitasa hicho kama mtu anayepewa kazi dhidi ya imani yake. Alikijua kipande kilichovunjikia ndani. Alijua kinavyokaa, kinavyokataa, jinsi ufunguo halali kabisa unavyogonga hapo mlangoni na kurudi na aibu. Hakuna kitu kilichowahi kumzuia kufungua mlango kama kipande hicho.

"Kina madhara?" aliuliza hatimaye.

"Mguu ukivimba au kifua kikibana, unakimbilia hospitali. Ukiona damu ukeni, unaniambia siku hiyo hiyo. Na joto," daktari akamtazama Refa kwa wasiwasi, "joto linaweza kurudi. Pengine kuzidi la kwanza."

Refa akafungua mdomo. Mkewe akaukaza mkoba.

Siku hizi, asubuhi, Mama Funguo anameza kidonge chake kipya, anafungua mdomo, ananyanyua ulimi, anauzungusha kushoto na kulia, na Refa anakagua kwa tochi. Akiridhika anarudi nyuma, anapuliza kipenga mara moja, kirefu. Hilo ndilo bao pekee linalohesabika. Dada yake anapofika jioni anajibiwa kwamba wamefunga moja, na kesho watafunga moja, hivyo hivyo mpaka miaka iishe, na anasema mbona mchezo wenyewe umekuwa baridi.

Vidole si vile vya ujana. Asubuhi nyingine vinanung'unika kidogo, lakini tik vinaisikia. Chumba cha Mnofu kina kitasa kipya kinachofunguka kutoka ndani, kazi ya jirani yake, na mguu wa ng'ombe ulishauzwa.

Juzi mchana joto lilirudi. Lilimkuta anachonga ufunguo wa lango la shule, Refa akiwa ameegemea dirisha akisimulia mechi ya zamani ambayo yeye tu ndiye aliyeikumbuka. Likaanzia kifuani, likapanda. Miwani ikafunga ukungu, kilemba kikaruka. Refa alishtuka, kipenga kikafika mdomoni chenyewe, mashavu yakajaa. Mkewe akamtazama juu ya miwani.

Mashavu yakapungua taratibu. Kipenga kikashuka.

"Najua," alisema. "Halihesabiki."

Akapapasa mfuko wa shati, akatoa kadi nyekundu, akaingiza mkono dirishani na kuanza kumpepea nayo. Muda mfupi baadaye akatoa na ile ya njano, akaongeza kasi, mikono miwili, funguo zote za juu zikacheka ingawa hakuna lori lililopita.

"Kushoto kidogo," alisema Mama Funguo, amefumba macho, na tupa yake ikaendelea.